Upande wa Pili wa Kaseti

Mtu akikwambia redio imetafuna kaseti yako, muulize redio hiyo iliazima makasi kwa nani. Mimi sikuuliza. Nilisimama mlangoni na birika la chai mkononi, nikamsikiliza wifi yangu Habibo akinieleza jinsi mashine ilivyoinasa sauti ya mume wangu na kuikata, nami nikamwambia pole, si kosa lako. Yeye ndiye niliyempa pole. Nikikumbuka hilo natamani kujizaba kofi.

Hayo yalitokea mwaka wa themanini na mbili, mtaa wa Kiwanjani hapa Isiolo, katika nyumba ya mama mkwe wangu, Mako. Mume wangu Guleid alikuwa Jeddah, dereva wa lori la maji. Aliondoka binti yetu Madina akiwa bado ananyonya, na aliniachia ahadi moja tu: kampuni ikimpa nyumba, atatuita mimi na mtoto. Simu ya kuongea na Arabuni ilikuwa ya watu wengine, si sisi. Barua nayo ilitaka msomaji, na kumpa mtu baki akusomee maneno ya mumeo ni aibu. Kwa hiyo tuliongea kwa kaseti, kama Wasomali wote wa mji huu waliokuwa na mtu huko. Unasema maneno yako, unampa msafiri, na baada ya muda kaseti ileile inarudi na maneno ya mwenzako yamerekodiwa juu ya yako. Hakuna aliyenunua mpya ikiwa ya zamani bado inazunguka.

Jambo lenyewe lilikuwa na adabu yake. Upande wa kwanza ulikuwa wa watu wote. Majirani walijaa uani, wakanywa chai, wakasikiliza salamu zinavyomtaja kila mtu kwa jina, na aliyesahauliwa alinuna hadi kaseti nyingine ije. Upande wa pili ulikuwa wa mke, naye aliusikiliza peke yake, mlango umefungwa. Katika nyumba yetu kulikuwa na nyongeza. Mashine ilikuwa ya Habibo, kidubwana cheusi cha kurekodia tulichokiita redio ingawa hakikuwa na redio ndani yake, na kilikaa chumbani kwa mama. Kaseti ikifika ilipelekwa kwanza kitandani kwake, aishike, aiombee dua. Na tukijibu, mama alianza, akafuata Habibo, mimi mwisho, upande wa pili. Kisha kaseti ililala chini ya mto wa mama mpaka Hirsi, binamu yake Guleid mwenye lori, apate safari ya Nairobi. Nani angemnyima mama hayo? Alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wote wa kushoto umekufa.

Mimi ndiye niliyemtunza. Nilimwosha, nilimlisha, na mchana na usiku nilimgeuza ubavu huu na ubavu ule ili asitoke vidonda. Mbuzi mmoja wa maziwa nilimfunga chini ya dirisha lake kwa sababu alipenda maziwa ya moto ya asubuhi. Sikufanya hivyo kwa kulazimishwa. Nilimpenda. Aliniita hooyo, kama mama wa kwetu anavyomwita mtoto aliyemzaa, na kila nikimgeuza aliniombea Mungu mpaka mimi mwenyewe naona haya. Habibo naye alikuwa na posa. Mfanyabiashara wa ngamia kutoka Sericho alikuwa amemchumbia, na harusi ilikuwa baada ya Ramadhani. Kutoka Isiolo hadi Sericho ni safari ya kukuchosha mifupa, na bibi harusi akienda huko harudi kila Ijumaa kumgeuza mama yake. Hilo nalitaja mapema ili ulijue. Mimi nilikuwa nikilijua na halikuwahi kunigusa akili.

Mwanzoni Guleid aliniongelesha vizuri. Alinisimulia joto la huko, chakula, Wayemeni anaolala nao chumba kimoja. Halafu zikaja kaseti, moja na nyingine tena, ambazo upande wangu ulikuwa na nyimbo tu. Nyimbo za Kisomali, za mapenzi, tangu mwanzo hadi mwisho, bila neno lake hata moja.

“Wanaume wakikaa huko midomo inakuwa mizito, hooyo,” mama aliniambia. “Wanaziachia nyimbo ziseme badala yao.”

Nikakubali. Nilizisikiliza nyimbo zile mpaka nikazijua zote kwa moyo. Nilitafuta ujumbe katika kila mstari: hapa anasema amenikosa, hapa ananiambia nivumilie. Nilikuwa nikiziimba nikifua. Katika wimbo mmoja mbuzi alisikika akilia kwa nyuma, nami nikacheka, nikamwambia Habibo hata Jeddah kuna mbuzi. Habibo alicheka pamoja nami. Alicheka, Mungu ni shahidi yangu.

Lakini nyimbo si jibu, na mimi nilitaka jibu. Basi kaseti iliyofuata niliongea kwa kirefu kuliko siku zote, mpaka Habibo akaniuliza kama nataka kuimaliza. Mwisho kabisa nilimwambia: Guleid, mtoto sasa anatembea na anauliza baba ni nani. Niite, nitakuja hata kesho. Nikabonyeza kitufe, nikaipeleka chini ya mto wa mama, nikaanza kusubiri.

Hirsi aliileta siku moja baada ya sala ya alasiri. Kabla ya kufika kwetu alikuwa ameshatangaza mtaa mzima, kwa hiyo mikeka ilitandikwa uani na watu wakaanza kuingia. Mama akasema aletewe kwanza, kama kawaida. Mlango ukafungwa. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai haraka, kwa sababu nilijua hii ndiyo yenye jibu. Nilipokuja na birika, Habibo alifungua mlango akiwa ameishika kaseti mkononi, utepe wake ukining'inia kama utumbo wa mbuzi.

“Wifi, redio imeitafuna,” akasema. “Imeshika na kukata, sijui hata imekuwaje.”

“Itupe, hooyo,” mama akasema kutoka kitandani. “Imekufa hiyo. Guleid atatuma nyingine.”

Wageni walikunywa chai yao, wakatupa pole, wakaenda zao. Nilipokwenda kumwaga takataka niliiona kaseti iko juu ya maganda ya viazi. Sikuweza kuimwaga. Nilijiambia hata kama imekatika, sauti yake bado iko humo mahali fulani, haiwezi kuwa imemwagika. Niliikunja katika ncha ya shungi langu, wala sikumwambia mtu.

Asubuhi, nilipokwisha kumwosha mama na kumlisha, nilimwacha Madina na Habibo nikaenda mjini kwa fundi Kaimenyi. Alikuwa Mmeru mnene mwenye kelele nyingi, kibanda chake kiko karibu na wauza miraa, na kila redio aliyoitengeneza ilikuwa na hadithi ya kumsifu yeye.

“Habari, mama.”

“Mzuri, fundi. Redio imekula kaseti yangu.”

“Lete nione. Wewe umekuja kwa mwenyewe. Mimi hata mkubwa wa polisi akiharibu redio anakuja hapa, ananingojea kama mtu wa kawaida.”

Akatandaza gazeti juu ya meza, akafungua vile viskrubu, akautoa utepe na kuupitisha kati ya vidole vyake polepole. Ilimchukua muda mfupi tu kuacha kujisifu.

“Mama, hii haikukulwa na redio.”

“Imekulwa. Niliona ikiwa inaning'inia.”

“Redio ikikula tepu inaikunja-kunja, inakuwa kama karatasi ya peremende. Hii ni laini kabisa. Ona hapa, imekatwa sawasawa. Na hapa tena. Hii ni makasi.”

“Labda ni mtoto,” nikasema.

“Mtoto gani anakata hivi? Huyu ni mtu mzima na alikuwa na haraka.”

Nilikaa kwenye stuli yake. Nilimfikiria Madina, nikajua makasi ya nyumba ile yanakaa kwenye kasha la Habibo la kushonea, juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafiki. Bado nilimtafutia Habibo sababu. Labda redio kweli iliushika utepe, wakaukata ili kuutoa. Labda aliogopa kuniambia. Nikamwuliza Kaimenyi kama kaseti iliyokatwa inaweza kusema tena.

Alicheka mpaka tumbo likatikisika. “Watu wanafikiria ukikata tepu imekufa, kama kuku. Haijafa. Maneno yote iko, inangoja kuunganishwa tu.”

Akasawazisha ncha kwa wembe, akaziunganisha kwa vipande vidogo vya selotepu, akaurudisha utepe mahali pake na kuuzungusha kwa biro mpaka ukakaza. Akaitia katika mashine yake kubwa. Nikamwambia aanze na upande wa pili.

Kaimenyi hakujua neno la Kisomali. Hilo lilinifaa, maana sikuwa na mahali pengine pa kusikilizia. Alichukua miraa yake, akaketi kwenye mlango wa kibanda, akawa anatikisa kichwa kwa maneno asiyoyaelewa.

Guleid hakuimba wala hakuniwekea nyimbo. Sauti yake ilikuwa chini na nzito.

“Istar,” alisema, “nimesikia jibu lako kupitia kwa mama. Nilikuita mara ya kwanza ukakataa, nikasema labda ni kwa sababu ya mtoto. Nikakuita tena, nyumba imeshapatikana, nikakueleza hadi rangi ya mlango. Ukakataa tena. Sasa umesema nioe. Basi nimeoa, Istar. Ni binti wa watu wa Burao, wako hapa Jeddah. Sikulaumu. Mama anasema unamtunza vizuri, Mungu akulipe. Madina nitamlea, usiwe na shaka. Sina zaidi.”

Kitufe kikalia. Alikuwa amemaliza. Ninyi mliokulia na kaseti mnajua kinachofuata mtu akiongea kifupi: anayafuta maneno ya zamani mpaka hapo alipofika tu, na yaliyobaki mbele yake yanabaki kama yalivyokuwa. Nilikuwa nikingoja kusikia sauti yangu mwenyewe. Nikasikia ya mama.

“…ameona haya kuongea, amenituma mimi,” alikuwa akisema, kwa sauti ileile anayoniombea dua. “Hatoki Isiolo. Anasema ukitaka kuoa huko oa, hana kinyongo. Usimlaumu, mwanangu, ni msichana mzuri, ananitunza. Basi sisi tumefika mwisho. Ukifika hapa zima, kilichobaki ni kelele za zamani tu.”

“Nizime, mama?” Hiyo ni sauti ya Habibo, karibu kabisa na mashine.

Na kabla hajazima, mbuzi akalia. Mbuzi wangu. Yule niliyemfunga mwenyewe chini ya dirisha la mama ili apate maziwa ya moto.

Ndipo nilipozielewa zile nyimbo. Ndani ya chumba kile kulikuwa na redio kubwa ya zamani ya marehemu baba mkwe, juu ya rafu. Walikuwa wakiiweka karibu na kile kidubwana, wakanirekodia mapenzi ya redioni juu ya sauti ya mume wangu aliyekuwa akiniita. Rangi ya mlango ilikuwa chini ya wimbo upi? Mimi niliuimba. Niliuimba nikifua shuka za mama, na wao walikuwa wamekaa ndani wakinisikia. Mara hii watu walikuwa wameshajaa uani, wakakosa muda wa wimbo, wakachukua makasi.

Kitufe kikalia tena, na kutoka mwishoni kabisa mwa utepe nikatoka mimi, mdogo, mwenye furaha: “…na anauliza baba ni nani. Niite, nitakuja hata kesho.” Kisha ikawa kimya, kaseti ikajizima.

Hapo ndipo nilipolia. Mama alikuwa amemwambia Guleid azime, naye akazima. Angeiacha iende kidogo tu, kwa kunikosa tu, kwa kutaka kusikia hata kelele za nyumba yake, angenisikia. Wote watatu nilikuwa nimewapa moyo wangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na subira ya kunisikiliza mpaka mwisho.

Kaimenyi aligeuka akaniona, akafurahi. “Bwana ana sauti nzuri, mama. Anakuja lini?”

“Haji,” nikamwambia, nikaomba kaseti yangu.

Nilipofika nyumbani mama alinisikia hatua zangu. “Istar, hooyo, umechelewa. Nigeuze, ubavu umekufa ganzi.”

Habibo alikuwa amekaa kando ya kitanda akisuka nywele za Madina. Nilichukua kile kidubwana mezani, nikaitia kaseti, nikaiweka juu ya godoro karibu na sikio la mama, nikabonyeza. Habibo alipomsikia kaka yake alisimama, akakaa, akasimama tena. Mama hakutikisika. Alisikiliza maneno ya Guleid, akasikiliza maneno yake mwenyewe, akamsikia mbuzi, akanisikia mimi. Ilipojizima alifumba macho.

“Nani angenigeuza?” akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa na jibu la kila uongo, nimelipanga njia nzima kutoka mjini. Hili halikuwa uongo.

“Ungeniomba,” nikamwambia. “Ungeniita ukaniambia, Istar, naomba usiende, kaa nami mpaka nife. Ningekaa, mama. Ningemwambia Guleid mwenyewe kwa mdomo wangu, asubiri. Ungeniomba tu.”

Alianza kulia kwa jicho moja, lile la upande ulio hai. Na mimi, wallahi, mikono yangu ilikuwa imeshaanza kwenda kwake kwa mazoea. Nikaiacha iende. Lakini nilimwita Habibo.

“Njoo uangalie,” nikamwambia. “Mkono mmoja chini ya bega, hivi. Mwingine chini ya nyonga. Usivute, atachubuka. Sukuma. Mto weka mgongoni asirudi. Umeona?”

“Wifi,” Habibo akasema, “na harusi yangu?”

“Umeona au nirudie?”

“Nimeona.”

“Basi. Kuanzia kesho ni wewe.”

Kabla ya kufunga nguo zangu nilirudisha utepe hadi mwanzo wa upande wa pili, mahali Guleid aliposema jina langu. Juu ya sauti yake nilirekodi maneno machache: “Mimi Istar. Sikukuambia uoe. Usizime kaseti hii mpaka ijizime yenyewe.” Yaliyofuata sikuyagusa. Safari hii kaseti haikulala chini ya mto wa mtu. Nilimpa Hirsi mkononi, nikamwambia akiipoteza nitakaa mbele ya lori lake barabarani, naye alinijua. Kesho yake nilimbeba Madina tukaenda Kulamawe, kwa baba yangu, nikaanza kuuza naye dukani kwake.

Habibo hakuolewa baada ya Ramadhani. Yule wa Sericho alisubiri kidogo, kisha akaoa kwingine. Watu waliniambia wakitarajia nifurahi. Sikufurahi, lakini usingizi haukunipotea.

Jibu la Guleid lilikuja msimu wa mvua, Hirsi akaniletea dukani akiwa hataki kuniangalia usoni. Kaseti ileile, yenye selotepu za Kaimenyi. Mashine sikuwa nayo, kwa hiyo nilipokwenda Isiolo kuchukua sukari na majani ya chai nilipita kibandani. Kaimenyi alinisogezea stuli na kikombe cha chai, akaketi mlangoni na miraa yake.

Guleid alikuwa analia. Alisema jina langu, akalia, akaanza sentensi, akaiacha. Alisema hakujua. Alisema angejuaje. Alisema mlango bado ni wa kijani. Alisema njoo, mtakuwa wawili, nitafanya haki. Aliendelea hivyo muda mrefu, na Kaimenyi akawa anatega sikio kwa huruma.

“Leo bwana ana homa?” akaniuliza.

“Ndiyo.”

“Pole yake. Utamjibu?”

Talaka yangu ningeiomba kupitia kwa baba, kwa sheikh, kama watu wanavyofanya, na ndivyo nilivyofanya baadaye na ikatoka. Lakini kwa kaseti hii sikuwa na neno. Nililokuwa nalo nilikwisha kulisema, likakaa mwishoni mwa utepe likimngoja, na yeye akazima.

“Hapana,” nikamwambia. “Kaseti bado ni nzima, au siyo?”

“Nzima kabisa. Nilitengeneza mimi.”

“Basi ni yako. Rekodi nyimbo zako.”

Alifurahi sana. Akaitoa, akaipuliza vumbi, akairudisha mwanzo, akafungua redio yake kwenye nyimbo za Kimeru na kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Nilikaa pale nikamalizia chai, wimbo wote wa kwanza, nisielewe hata neno moja.